Mtoto wa UPE Hafukuzwi kwa Pesa ya Uji

Wazazi, walimu, wazee wetu wa Arua, asalaam aleikum na habari za asubuhi. Mlionisikia mwaka jana mnajua ninakoelekea. Vumilieni. Watoto wakiacha kurudishwa nyumbani, nami nitanyamaza.

Habari za ada kabla ya 1997 sizirudii. Wengi humu mliuza mbuzi kwa ajili yake. Linalosahaulika ni hili: UPE, mpango wetu wa Uganda wa elimu ya msingi bila ada, ilitokana na ahadi ya kampeni ya urais ya 1996, ikaanza Januari 1997 kwa watoto wanne kila familia. Katiba ya 1995, ibara ya 30, ilikuwa imeshasema kila mtu ana haki ya elimu. Lakini Sheria ya Elimu iliyokataza shule za UPE kutoza tuliipata 2008. Miaka 11 mzazi aliyerudishiwa mtoto hakuwa na kifungu cha kushika. Alikuwa na hotuba za redioni.

Sasa tunacho, kifungu cha 9. Shule ya UPE haitozi malipo ya elimu. Penye dharura yaweza kupokea mchango wa hiari, na mtoto wa asiyetoa hafukuzwi.

Muhula uliopita nilikutana na mtoto wa darasa la tano barabarani, saa nne asubuhi, begi mgongoni. Kaambiwa asirudi bila pesa ya uji. Nikamrudisha mwenyewe. Mwalimu mkuu (shule siitaji, huenda yumo humu) akanifungulia Sheria hiyohiyo, kifungu cha 5: chakula, mavazi, malazi, matibabu na usafiri ni juu ya mzazi. Nikamwambia, umesoma vizuri. Basi mzazi akimfungia mwanawe muhogo na njugu, ametimiza wajibu. Wapi pameandikwa amlishe kwa noti, tena kupitia ofisi yako? Akasema uji si elimu, kwa hiyo kifungu cha 9 hakimhusu. Haya! Kama uji si elimu, mbona aliyekosa pesa ya uji amekosa na hisabati?

Wa nyuma kule mnataka kusema ruzuku ya serikali kwa shule ni ndogo, shule ijiendesheje? Ni ndogo kweli. Kwa miaka mingi ilizunguka shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na kuchelewa juu yake. Mwalimu anayenunua chaki kwa pesa zake simlaumu hata kidogo. Lakini deni hilo ni la serikali. Kwa nini alilipe mtoto wa miaka kumi kwa kukaa nje ya darasa? Nendeni wilayani pamoja, mzazi na mwalimu, wakati wa bajeti. Na kamati ya shule ina wawakilishi wenu. Mara ya mwisho mliwauliza lolote lini? Mnacheka!

Na msiniambie hiari. Hiari gani ina majina ya wadaiwa ukutani na tarehe ya mwisho?

Haraka sasa. Wasichana: mwongozo wa 2020 unamruhusu aliyejifungua arudi darasani, na bado kuna shule zinamfungia geti. Wenye ulemavu: mpango wa 1997 uliwatanguliza katika wale wanne, na sheria ya 2020 inakataza kuwabagua shuleni. Hili lilihitaji asubuhi nzima, na mwenyekiti ameshasimama. Sekondari bure ya 2007 naiacha.

Maswali. Aanze mzazi, walimu wakuu watasubiri.