Kuchagua kasha la diski kwa ajili ya nakala rudufu nyumbani

Ndugu watazamaji, ugonile kwa wa hapa Mbeya na kamwene kwa wa Iringa na Njombe. Mezani kwangu hapa Mwanjelwa kuna makasha matatu: mawili ni ya diski mbili mbili, na hili kubwa ni la diski nne. Kasha la namna hii hubeba diski kadhaa kwa pamoja, likaunganishwa na kompyuta kwa waya mmoja na kupata umeme kwa adapta yake. Ninayauza, kwa hiyo nisikilizeni mkilijua hilo. Hata hivyo, ikiwa picha na nyaraka zako zote hazifiki terabaiti 2, nunua diski mbili ndogo za nje zinazopata umeme kupitia USB, na hela inayobaki fanyia mambo mengine. Kasha linamfaa mwenye studio ya picha, mpiga video za harusi, au familia yenye kompyuta kadhaa.

Kwanza, ukubwa. Jumlisha mafaili uliyonayo leo, zidisha kwa mbili, basi. Diski ya terabaiti 4 ikisomeka 3.63 kwenye Windows usigombane na muuzaji, kwani ni tofauti ya kuhesabu tu.

Pili, waya. Diski ya kuzunguka ya inchi 3.5 huandika takribani megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde, kwa hiyo USB ya gigabiti 5 kwa sekunde inazimudu diski mbili vizuri, na anayekushawishi ununue kasha la Thunderbolt (aina ya waya wa kasi kubwa) la gigabiti 40 kwa ajili ya diski hizo anakujengea barabara ya njia nane ipitishe bajaji mbili. Ninachokataa ni USB 2.0. Terabaiti 2 zinazonakiliwa kwa megabaiti 150 kwa sekunde humalizika kwa muda usiofika saa 4, ilhali kwa USB 2.0 utalala, utaamka, na bado zitakuwa zinaendelea.

Tatu, swichi za nyuma, na hapa naomba mtu asiruke mbele. Samahani, kivuli cha mkono wangu kimefunika kila kitu, nasogeza taa. Sasa mnaona swichi mbili nyeupe, ndogo kiasi cha kuguswa kwa ncha ya kalamu, na pembeni yake jedwali la herufi ndogo. Hizo ndizo zinazoamua diski zifanye kazi vipi. RAID ni namna ya kuzifanyisha diski kadhaa kazi kwa pamoja: RAID 0 huziunganisha ziwe moja kubwa, lakini moja ikifa data yote imekwenda. RAID 1 huandika kitu kilekile kwenye diski zote mbili. Hali nyingine huiacha kila diski ijitegemee.

Msiguse swichi hizo diski zikiwa na data. Ukibadili hali na kubonyeza kitufe cha kuthibitisha, mpangilio wa diski unafutika, na kompyuta itakuomba uzifomati upya kana kwamba zimetoka dukani. Narudia: swichi zinapangwa kwanza, diski zikiwa tupu, ndipo data inapoingia. Na mara ya tatu, kwa walioingia sasa hivi: ukihamisha kasha kutoka meza hii kwenda ile, kidole kisifike huko nyuma. Mimi nikishapanga hubandika selotepu juu ya swichi. Haipendezi, lakini naipenda.

Kwa nakala rudufu za nyumbani mimi huchagua diski zijitegemee. RAID 1 hukuokoa diski inapokufa, lakini faili ukilifuta kwa bahati mbaya, linafutika kwenye zote mbili papo hapo, na kirusi kinachofunga mafaili nacho kinayafunga kotekote. Diski zikijitegemea, unanakili kwenye moja leo, na nyingine unaiweka kwa ndugu yako kule Uyole, mnabadilishana kila baada ya muda. Ndiyo maana napenda kasha ambalo diski inachomekwa moja kwa moja bila trei na bila bisibisi.

Nne, kuna jaribio ambalo wauzaji wengi hawalifanyi. Chomeka diski tupu kwenye kasha, ifomati, weka faili moja, itoe kwa utaratibu, kisha iunganishe na kompyuta kwa adapta nyingine ya kawaida ya SATA, yaani kiunganishi cha kawaida cha diski. Tazameni kioo... faili lipo. Sasa diski iliyofomatiwa kwenye kasha hili la pili: kompyuta inasema haijafomatiwa. Diski ni nzima. Ni chipu ya kasha inayotafsiri mpangilio wa sekta, yaani vipande vidogo vya diski, kwa namna yake, hivyo kasha likiungua utalazimika kutafuta jingine lenye chipu inayoelewana nayo. Kasha kama hilo siliuzi kwa mtu wa nakala rudufu, hata akilisifia rangi.

Tano, umeme. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12, kwa hiyo adapta ya diski mbili iwe ya ampea 4, nayo iandikwe kwamba inapokea volti 100 hadi 240. Nilitaka kuchomoa waya ili niwaonyeshe jambo... naam, umeme umejikatia wenyewe. Kompyuta mpakato inaendelea kwa betri, nasi tusubiri.

Umerudi. Angalieni taa: kasha lenye swichi ya kubonyea ndani limewaka lenyewe, lakini hili lenye kitufe laini, kisichobaki ndani kikibonyezwa, limebaki giza mpaka nilibonyeze. Kama programu yako inanakili saa nane usiku, kasha hilo la kitufe laini litakaa limezimika wiki nzima nawe huna habari. Ukiweza, ongeza UPS ndogo, yaani betri ya kushika umeme unapokatika, na msimu wa radi chomoa kila kitu kabla wingu halijafika.

Feni mnayoisikia ni ya hili la diski nne. Baridi ya Mbeya haiondoi haja ya feni, kwani diski nne zilizobanana hupashana joto. Kiangazi lipulize vumbi. Diski iliyolala kwenye gari mwezi Juni au Julai iache kwanza ndani ya mfuko wake ipate joto la chumba, isije ikafanya umande.

Kwa hiyo mimi nachukua hili la kwanza, la diski mbili, lisilo na RAID, lenye swichi ya kubonyea ndani. La diski nne naliagiza kwa oda tu. Walio Tukuyu na Makambako nawatumia kwa basi, diski zikiwa zimefungwa peke yake nje ya kasha. Atakayekuletea kasha diski zikiwa zimechomekwa ndani, mrudishie.