Godoro Lililokuwa Likifukuta

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji wetu. Leo nipo na kaka Baraka, nimemwomba asimulie yaliyowakuta kwa baba yake mdogo, Temeke.

BARAKA: Asante, dada. Baba mdogo alirudi kazini usiku amechoka, akajilaza na sigara yake. Usingizi ukampitia. Mama mdogo yuko uani anaosha vyombo, akasikia harufu kama nywele zinaungua. Kuingia chumbani, moto haupo. Moshi tu, na kwenye godoro kitundu cha ukubwa wa sarafu.

ZUHURA: Wakafanyaje?

BARAKA: Wakamwaga jagi la maji, wakageuza godoro, wakalala. Saa tisa usiku likalipuka. Mtoto ndiye aliyewaamsha kwa kilio. Dirisha lina nondo, mlango umefungwa, ufunguo uko kwenye mfuko wa suruali, suruali haionekani kwa moshi! Mpaka leo mama mdogo akisimulia anashika kifua.

ZUHURA: Poleni sana. Na hapo ndipo wengi tunapokosea. Sponji haiwaki papo hapo. Inafukuta. Moto unajichimbia ndani bila mwali, saa nzima, hata saa kadhaa. Jagi la maji linalowesha juu tu.

BARAKA: Kwa hiyo lingetolewa nje?

ZUHURA: Hapana, usilikokote. Ukilivuta, upepo unaliamsha, linakuwakia mikononi katikati ya korido. Toa watu wote, funga mlango wa chumba, piga 114, zimamoto waje. Hata kama unaona limezimika, chumba kile hakilaliwi usiku ule.

BARAKA: Mimi nilidhani kinachoua ni ndimi za moto.

ZUHURA: Mara nyingi moshi hutangulia. Una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na sponji ikiungua hutoa sianidi pia, sumu kali. Aliyelala fofofo usitegemee pua yake imwamshe. Ndiyo maana napenda sana kengele ya moshi, na ufunguo utundikwe pale pale karibu na mlango, kila mtu aujue, watoto pia.

BARAKA: Nilisikia kuna sigara zinazojizima.

ZUHURA: Zipo. Jimbo la New York lilizilazimisha mwaka 2004, Umoja wa Ulaya 2011. Karatasi yake ina mikanda inayobana hewa, usipovuta moto unafifia. Zinapunguza hatari, lakini bado zinaweza kuunguza. Usilale nayo.

BARAKA: Na aliyekunywa pombe?

ZUHURA: Huyo, na aliyemeza dawa ya usingizi, mwenzake asimwache peke yake na sigara kwenye kochi. Hapa hakuna kuoneana haya, jamani. Mwondolee. Na kama nyumbani kuna mgonjwa wa mtungi wa oksijeni, mle ndani asivute mtu yeyote, hata mgeni wa heshima.

BARAKA: Vipisi je? Wengi wanatupa kwenye ndoo ya taka, juu ya karatasi na mifuko.

ZUHURA: Kopo la bati, maji ndani, kipisi kizame. Baba mdogo anaendeleaje sasa?

BARAKA: Mzima, alhamdulillahi, kovu tu mkononi. Sigara hajaacha, ila anavutia nje, kwenye benchi la mbao, kopo la maji miguuni. Na mama mdogo kabla hajafunga mlango hutoka na tochi, akamulika ndani ya kopo, akakoroga na kijiti, ndipo anaingia kulala.