Ndala ya Kulia, Mguu wa Kushoto

Mbukwenyi! Naona waliokaa nyuma wamekuja na ndala. Nashukuru, leo nazihitaji. Vueni ya kulia, muitie mguu wa kushoto. Inaingia, lakini inakera, sivyo? Zipimeni uzito: sawa. Urefu: sawa. Ila moja ni taswira ya nyenzake kwenye kioo.

Molekuli nyingi ziko hivyo hivyo: zina pacha aliye taswira yake kwenye kioo, na leo tunaona jinsi ya kuwatenganisha. Mapacha hawa huchemka kwenye joto lilelile na huyeyuka majini kwa kiasi kilekile, mizani haiwatambui. Mwaka 1848 Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa, aliwatenganisha kwa mkono, punje baada ya punje, akizikagua fuwele za chumvi ya asidi ya tatariki. Asidi hiyo ndiyo iliyomo kwenye zabibu zetu za Hombolo. Na alikuwa na bahati, tusimfiche: mapacha wale hujitenga, kila mmoja kwenye fuwele zake, kukiwa na ubaridi tu, chini ya nyuzi 27 hivi. Angejaribu mchana wa Novemba hapa Dodoma, bila kiyoyozi, angeambulia patupu.

Siku hizi tunausukuma mchanganyiko wa mapacha, ukiwa kimiminika, kupitia kolamu: bomba la chuma, mara nyingi la sentimita 25, tundu lake milimita 4.6, limeshindiliwa chembechembe za silika, jamii ya mchanga. Siri ni kile kilichopakwa juu ya chembe hizo, kwa kawaida selulosi au wanga uliobadilishwa kidogo kikemia. Sukari zinazojenga selulosi na wanga zina mkono mmoja tu, yaani zote ni za upande uleule kama ndala za kulia tupu, basi kolamu yenyewe inakuwa mguu. Pacha anayeuenea hukawia humo. Mwenzake hushindwa kujishikiza, akatangulia kutoka. Mguso mmoja hauwatofautishi sana, lakini njiani wanaguswa mara nyingi mno. Kolamu ya kawaida, isiyo na mkono, hata ukiisukumia kutwa nzima watatoka wamekumbatiana.

Sasa mtaniuliza, inatuhusu nini? Chukueni prazikwanteli, dawa ya kichocho. Kile kidonge kikubwa, kichungu, kina mapacha nusu kwa nusu. Mmoja ndiye anayewashughulikia minyoo. Wa pili hafanyi kazi ya maana, na uchungu mwingi ni wake yeye. Mzazi aliyewahi kumbembeleza mtoto aimeze ananielewa.

Nachora ubaoni mnachokiona mashine inayopima kinachotoka kwenye kolamu ikimaliza: kilima, bonde, kilima. Vikilingana, mapacha wamo nusu kwa nusu. Kikibaki kimoja, tumempata tuliyemtaka. Haya, rudisheni ndala miguuni, tuanze maswali.