Molekuli Haijui Iendako

Ndugu walimu, wanafunzi, asanteni kwa kuja. Jambo hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu bado nalikuta kwenye madaftari, penye somo la difusheni, yaani kusambaa kwa molekuli: "Molekuli husafiri kutoka penye wingi kwenda penye uchache." Mwanafunzi akikariri hivyo, anaamini molekuli ya sukari inapajua penye nafasi na inapakimbilia. Haijui! Katika myeyusho hafifu haina hata habari za wenzake.

Tuhesabu. Chukua glasi ya maji, mililita 250, na kijiko kimoja cha sukari, gramu 4. Kila molekuli ya sukari imezungukwa na za maji kama 1,200. Sukari kwa sukari hukutana kwa nadra. Kinachoisukuma ni maji: vikumbo mabilioni kila sekunde, kutoka kila upande. Mtaalamu wa mimea Robert Brown aliona mtikisiko huo kwa hadubini mwaka 1827, katika chembe zilizotoka ndani ya chavua. Einstein alileta hesabu yake mwaka 1905, kisha mwanafizikia Jean Perrin akaipima maabara.

Sasa weka molekuli 1,000 kushoto na 100 kulia. Tuseme nusu ya kila upande inavuka. Zinakwenda kulia 500, zinarudi kushoto 50. Kulia pameongezeka 450, na hakuna hata moja iliyoamua kuhama. Zikishalingana, 550 kwa 550, safari hazikomi: 275 huku, 275 kule. Hapo ile sentensi ya daftari inakwama kabisa, maana penye wingi hapapo tena na molekuli bado zinavuka.

"Mwalimu, mtihani unataka jibu lile lile." Sawa, liandike, ila ongeza maneno mawili tu: kwa jumla. Maneno hayo mawili yanaiponya sentensi nzima.

Mwendo huu wa kubahatisha ni wa haraka karibu, ni mzito mbali. Umbali ukizidi mara 10, muda unazidi mara 100. Kwenye maji yaliyotulia ya nyuzi 25, sukari husogea takriban sentimita 1 kwa siku. Sentimita 10 ni zaidi ya miezi mitatu. Najua kuna atakayesema chai yake hukolea bila kukorogwa. Chai ya moto ina mikondo, ndugu yangu. Mikondo hiyo ndiyo inayobeba sukari. Kwenye upana wa bakteria, sehemu moja ya elfu ya milimita, sukari hupita kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndiyo maana bakteria anaishi bila moyo wala mishipa, na sisi hatuwezi.

Muda unakwisha, na osmosisi, yaani maji kupenya utando unaozuia chembe zilizoyeyuka, sijaigusa. Kwa ufupi: mkemia van 't Hoff alionyesha kwamba kinachohesabiwa ni idadi ya chembe, uzito hauhusiki. Dripu ya chumvi ina gramu 9 kwa lita, ya glukosi gramu 50, na shinikizo lao la osmosisi linakaribiana, kwa kuwa chembe ya chumvi ni nyepesi na tena hugawanyika kuwa ioni mbili, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Kwa hesabu tupu dripu ya chumvi ingefika miliosmoli 308 kwa lita, kipimo cha idadi ya chembe. Ukiipima unapata kama 286, kwani ioni zenye chaji tofauti huvutana hata zikiwa chache. Nadharia ya Debye na Hückel ya mwaka 1923, inayoeleza mvutano huo wa ioni, inaanzia hapo. Maswali, karibuni.