Kukeni kwa Bi. Christiana

Wazee wangu, shikamooni. Wengine, hamjambo.

Kabla sijamtaja mtu yeyote, tazameni karatasi hii iliyo ukutani. Ni ukurasa mtupu wa daftari la ubatizo la Kanisa la Uingereza, muundo ulioanza kutumika Januari 1813. Kabla ya hapo kila kasisi aliandika alivyozoea: mmoja mistari mitatu, mwingine neno na nusu. Bunge likaona vurugu hiyo imetosha, likaagiza parokia zote zitumie kurasa zilizopigwa chapa. Hesabuni safu: tarehe, jina la mtoto, majina ya wazazi, mahali wanapoishi, kazi ya baba, jina la kasisi. Sasa rudini kwenye safu ya wazazi. Imegawanywa mara mbili. Upande mmoja majina yao ya ubatizo, baba na mama. Upande wa pili jina la ukoo, na jina la ukoo ni moja tu, la mume.

Kwa hiyo mama yumo, kwao hakumo.

Sisi tuliokulia pwani jambo hili linatutatiza kidogo. Mwanamke wa kwetu huolewa, huzaa, huzeeka na huzikwa akiwa binti fulani. Ukimuuliza mtu ukoo wake atakupa kuumeni, kisha bila kuombwa atakupa na kukeni. Daftari la Kiingereza halikuuliza kukeni. Mtu anayetafuta ukoo wa mwanamke wa shamba Uingereza ya miaka ile anaanza na shimo, na leo nataka tulichungulie shimo hilo kupitia mwanamke mmoja: Christiana Evans, mke wa msimamizi wa miliki ya Arbury, karibu na mji wa Nuneaton, mkoa wa Warwickshire.

Neno "msimamizi" nimelichagua kwa makusudi. Kuna aliyenishauri niseme nyapara, nikakataa. Nyapara husimama juu ya vibarua na kuhesabu majembe. Msimamizi, kama walivyolitumia wenye mashamba ya mikarafuu Unguja na Pemba, ni mtu aliyeachiwa mali ya mwenyewe: anakusanya kodi, anajua mpaka ulipo, anaamua ni mti upi ukatwe na upi uachwe. Hiyo ndiyo kazi ya Robert Evans. Alizaliwa Derbyshire mwaka 1773, mtoto wa seremala, naye akajifunza useremala. Akawa anamsimamizia ardhi bwana mmoja, Francis Parker. Mwaka 1806 Sir Roger Newdigate wa Arbury alifariki bila mtoto, haki ya kuishi na kula mapato ya miliki ile ikamwangukia Parker, akachukua na jina la Newdigate. Alipohamia kwenye jumba kubwa alimchukua na msimamizi wake. Robert alikadiria mbao za mti ungali umesimama, alikagua mifereji ya kukausha mashamba, barabara, paa za nyumba za wapangaji, na makaa ya mawe yaliyokuwa chini ya ardhi ileile. Familia yake ilisimulia kwamba siku moja aliwakuta vibarua wamekaa, wanamngoja mwenzao aje wabebe pamoja ngazi ndefu nzito. Akaibeba peke yake.

Nimesema mengi juu ya mume, mmeona? Ndivyo karatasi zinavyotupeleka. Mume ana kazi, na kazi huacha maandishi: hesabu, barua, shajara. Robert aliandika shajara zake kwa tahajia ya ajabu ajabu, lakini aliandika.

Alikuwa na mke wa kwanza, Harriet Poynton, aliyewatumikia akina Newdigate kabla ya kuolewa. Walioana 1801, wakapata Robert mdogo na Fanny. Harriet alifariki 1809. Ndani ya kanisa la Astley, kando ya miliki, kuna kibao cha kumbukumbu yake kinachosema kwamba alikuwa mtumishi mwaminifu na rafiki wa familia ile. Mtumishi amechongewa kibao ndani ya kanisa kwa sababu jumba kubwa lilimfahamu. Katika utafiti wa koo hii ni kanuni isiyoandikwa popote: mtu maskini aliyekuwa karibu na tajiri hupatikana kwa urahisi kuliko mtu wa kati aliyejitegemea.

Na Christiana alitoka kwa watu wa kati. Baba yake, Isaac Pearson, alikuwa mkulima wa Astley, na mzee wa kanisa. Watu wa aina hiyo hawakuwa mabwana wala hawakuwa vibarua. Walikuwa na ng'ombe wao, kiti chao kinachojulikana kanisani, na maoni yao juu ya kila mtu. Ukipima kwa mizani ya kijiji, binti Pearson kuolewa na mtoto wa seremala, mgane mwenye watoto wawili, aliyemzidi umri kwa takribani miaka 15, ilikuwa kushuka ngazi. Ila Robert alikuwa anapanda, na bila shaka akina Pearson waliliona hilo. Ndoa ilifungwa Februari 1813.

Madaftari ya ndoa ya wakati ule yana majina ya bwana na bibi arusi, parokia zao, sahihi zao au alama ya msalaba kwa asiyejua kuandika, na mashahidi. Wazazi hawamo, wa upande wowote. Usajili wa serikali, ulioanza kuandika majina ya baba, ulianza tarehe 1 Julai 1837. Sensa ya kwanza iliyohifadhi majina ya watu nyumba kwa nyumba ni ya 1841. Christiana alifariki tarehe 3 Februari 1836. Miezi 17 tu, na daftari la serikali lisingemkosa. Wosia je? Mke hakuweza kuandika wosia bila ridhaa ya mumewe, na mpaka sheria ya 1882 mali aliyoingia nayo katika ndoa kwa kawaida ilihesabika ya mume. Kila mlango unaoubisha, mwenye nyumba ametoka jana.

Basi kukeni kwake kumejulikanaje?

Kwanza kupitia dada zake. Binti za Pearson walikuwa wanne, na wote waliolewa jirani: mmoja akawa Bi. Everard wa Attleborough, mwingine Bi. Johnson wa Marston Jabbett, mwingine Bi. Garner wa Sole End. Ukiziweka sehemu hizo kwenye ramani unaona duara dogo kuzunguka Arbury, umbali wa kwenda na kurudi kwa gari la farasi kabla ya giza. Daftari linampoteza mwanamke kwa sababu amebadili jina, lakini miguu yake haikwenda mbali. Kwa hiyo ukimtafuta mke, tafuta parokia za jirani na uwatafute kinadada kwa pamoja. Mmoja akipatikana huwavuta wenzake.

Pili kupitia majina ya watoto. Christiana alizaa binti mwaka 1814, akapewa jina la mama yake, nyumbani wakimwita Chrissey. Mwaka 1816 akazaliwa mvulana. Mume tayari alikuwa na Robert kutoka kwa Harriet, kwa hiyo jina la baba lilikuwa limekwisha tumika. Mvulana akaitwa Isaac, jina la babu mzaa mama. Daftari halikuuliza kukeni, mama akakupenyeza humohumo kupitia jina la mtoto.

Wa mwisho aliyeishi alizaliwa tarehe 22 Novemba 1819, akabatizwa wiki moja baadaye katika kanisa la Chilvers Coton: Mary Anne. Miezi minne baada ya kuzaliwa kwake familia ikahamia nyumba ya Griff, ya matofali mekundu, kwenye barabara ya kwenda Coventry, yenye chumba chake cha maziwa. Msichoke nikikaa hapo kidogo. Mume yuko juu ya farasi kutwa. Wa kuhesabu siagi na jibini, wa kujua mtumishi yupi amelala, ni mke. Machi 1821 Christiana alijifungua mapacha wa kiume. Waliishi siku kumi. Baada ya hapo afya yake haikurudi sawasawa, na watoto wakapelekwa shule za bweni wangali wadogo mno. Mary Anne alikuwa na miaka mitano. Alipelekwa wapi? Attleborough, kijiji cha Bi. Everard, dada wa mama yake. Kiingereza kinamwita shangazi, na mtafsiri mvivu atakuandikia hivyohivyo. Sisi tunajua kwamba shangazi ni kuumeni. Huyu ni mama mkubwa au mama mdogo, na tofauti hiyo ndiyo mada yangu yote ya leo.

Tatu, na hapa bahati imeingia. Mary Anne ndiye aliyekuja kuandika riwaya kwa jina la George Eliot. Katika The Mill on the Floss, ya 1860, kuna kinadada wanne wa ukoo wa Dodson, wanaoamini kwamba hakuna watu wanaojua kufua shuka, kutia nyama chumvi au kuendesha mazishi kama watu wa kwao. Wachambuzi wengi wanawaona mle dada zake Christiana. Mimi nasema tusome kwa tahadhari: riwaya si daftari, na mtoto aliyepelekwa bweni akiwa na miaka mitano ana hesabu zake na ndugu wa mama. Lakini kuna mahali sitalisahau. Mume wa mmoja wa kinadada hao amefilisika, vitu vya nyumbani vinakwenda kuuzwa. Mke anafungua sanduku, anatoa vitambaa vya meza vilivyotokana na nyuzi alizosokota mwenyewe kabla ya kuolewa, na kwenye pembe pana alama ya jina lake, jina la kwao. Analia kwa sababu vitakwenda kwa watu wasiomjua.

Nilipoisoma sehemu hiyo nilifunga kitabu. Serikali haikuwa na kisanduku cha jina la ukoo wa mama, mwanamke akalishona kwenye kitambaa. Mkirithi sanduku la bibi wa Kiingereza, au wa Kipemba, kagueni pembe za nguo kabla ya kuzigawa.

Robert alifariki 1849. Isaac, mwenye jina la mzee Pearson, ndiye aliyerithi kazi ya usimamizi. Kanisa la Chilvers Coton, ambako Christiana amezikwa, lilipigwa mabomu 1941, likajengwa upya na wafungwa wa vita Wajerumani. Nyumba ya Griff sasa ni hoteli na mgahawa. Nimekula viazi pale. Kuegesha gari Jumapili ni vita vingine.

Nimalizie na daftari la ndoa. Uingereza na Wales, nafasi ya jina la mama wa bwana na bibi arusi iliingizwa tarehe 4 Mei 2021. Kutoka ndoa ya Christiana ni miaka 208. Mwaka uliofuata mpwa wangu aliolewa hapahapa Coventry. Msajili, kijana mpole, akamuuliza jina la baba na kazi yake, akaandika. Kisha akauliza jina la mama na kazi yake. Dada yangu alikuwa amekaa nyuma, hajui Kiingereza kingi, lakini neno la kazi alilisikia. Akaitikia kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla binti hajafungua mdomo: "Mwambie mama lishe, miaka thelathini, Tanga." Msajili akaomba atajiwe herufi moja moja.

Karibuni maswali.