Fatiha na Ulimi Wetu

Mhadhara uliotolewa msikitini Ujiji, Kigoma, baina ya Magharibi na Isha

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Alhamdulillahi Rabbil-aalamiin, na swala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, ali zake na masahaba zake wote. Masheikh zetu, wazee wangu, kina mama mlio nyuma ya pazia, vijana wa madrasa: muda ni mfupi, kwa hiyo sitagusa elimu yote ya tajwidi, yaani elimu ya kuisoma Qur'ani kwa usahihi. Nitakaa kwenye Fatiha. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii tunajua kuwa Fatiha ni nguzo ya swala, na bismillahi ni aya yake ya kwanza. Rakaa za faradhi kwa siku ni 17, basi Fatiha nazo ni 17, sunna hujazihesabu. Na hiyo ndiyo sura ambayo wengi wetu hatujamsomea mwalimu tangu tulipotoka chuoni utotoni.

Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Muzzammil: "Warattilil Qur'aana tartiilaa," isome Qur'ani kwa utaratibu, herufi zipate haki yake. Anas bin Malik, Mungu amuwie radhi, aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akisoma vipi. Akasema alikuwa akivuta. Kisha akasoma bismillahi, akavuta pale penye kuvutwa, akavuta Rahmaan, akavuta Rahiim. Imepokewa na Bukhari. Tazameni alivyojibu: hakukaa kueleza kanuni, alisoma wakasikia.

Sasa tuje kwenye ulimi wetu. Sisi wa Kiswahili, na ndugu zetu wa Kiha, maneno yetu karibu yote yanaishia kwenye irabu. Ulimi umezoea hivyo, na ukikutana na sukuni, yaani herufi isiyo na irabu, unaiongezea irabu bila mwenyewe kujua. Msikilize mtu anayesoma mbiombio: "Alihamudu lillahi." Hapo zimeingia irabu mbili ambazo hazikuteremshwa. Tujaribu pamoja. Al. Ncha ya ulimi iguse ufizi wa meno ya juu ya mbele, ibaki hapo. Ham. Midomo ifunge, ibaki imefunga. Halafu du. Al-ham-du. Mzee wangu pale kwenye nguzo, midomo imefunguka mapema ikatoka "mu". Ifunge mpaka dal ifike. Naam, hivyo hivyo, barakallahu fiik.

Kosa hili wanazuoni wanaliita lahni jalii, kosa la wazi, kwa sababu limegusa herufi na irabu zenyewe. Lahni khafii, lile la kufichika, ni kama kupunguza ghunna, ile sauti ya puani, au mada, ule mvuto wa irabu. Hilo analishika mwenye elimu. Mimi naona tumeshughulika sana na lile la pili kabla ya kumaliza la kwanza. Kijana anafundishwa mahadhi ya msomaji wa Misri, sauti inapanda na kushuka vizuri, wasikilizaji wanasema Allah, Allah, na huku "an'amta" ameisoma "an'amtu". Aya ilikuwa inamwambia Mola "uliowaneemesha", yeye amesema "niliowaneemesha". Sauti nzuri ni neema, lakini nawaomba walimu wenzangu: herufi kwanza, mahadhi baadaye.

Qalqala nayo inatuponza. Herufi zake ni tano: qaf, ta nzito, ba, jim na dal. Zikiwa na sukuni hurindima kidogo, kama dal ya "ahad" katika Ikhlas. Mtu akiambiwa airindimishe, anasoma "ahadi". Mrindimo si irabu, unakatika palepale herufi inapotokea.

Na herufi nzito. Tumezoea kuandika swala, swadaka, na hiyo "w" imetuingia mdomoni, tunasoma "swiraatwa" huku midomo tumeichomoza. Uzito wa sad na ta unatoka nyuma ya ulimi kuinuka kuelekea kaakaa. Midomo itulie.

Kuna vile vitabu vya Yasini vilivyoandikwa kwa herufi za Kilatini. Najua vinatumika kwenye hitma nyingi na nia ni njema. Lakini "dh" moja imebeba dhal, dhad na dha, herufi tatu tofauti: dhal na dha zina makhraji moja, yaani mahali herufi inapotokea, lakini dha ni nzito na dhal ni nyepesi, na dhad ina makhraji yake. Dhad ya "waladh-dhaalliin" inatoka ubavuni mwa ulimi ukiegemea magego ya juu. Ukiisoma kwa ncha ya ulimi kwenye meno umesoma herufi nyingine. "H" nayo imebeba mbili. Kitabu hakiwezi kukwambia ni ipi.

Ndiyo maana elimu hii inapokelewa mdomo kwa mdomo. Jibril alikuwa akidurusu Qur'ani na Mtume kila Ramadhani, na mwaka aliofariki akadurusu naye mara mbili. Simu itakusomea usiku kucha, jambo zuri, ila haisikii ukikosea. Zile hukumu za nuni yenye sukuni, idhhar, idgham, iqlab na ikhfa, mtazipata darasani. Hazina ugumu kwa aliyekwisha kunyoosha herufi.

Kabla ya swala nimeulizwa na mzee mmoja: je, swala zangu za miaka yote? Jibu la mafakihi wetu ni kwamba aliyejitahidi ulimi ukagoma, swala yake ni sahihi. Mwenye uwezo wa kujifunza akaacha, huyo ndiye mwenye dhima. Na anayeharibu herufi za Fatiha asitangulie kuwaswalisha wanaoisoma sawasawa. Hili linatuhusu sisi maimamu hasa. Kuhusu aibu ya kukaa na watoto, Bibi Aisha amepokea kwa Mtume kwamba hodari wa Qur'ani yuko pamoja na malaika watukufu, na anayeisoma akikwamakwama kwa tabu ana ujira mara mbili. Imo katika Bukhari na Muslim.

Baada ya Isha, anayetaka kusikilizwa Fatiha yake abaki safu ya mbele. Kina mama, mwalimu wenu yuko huko upande wenu. Tutasikiliza mmoja mmoja, bila haraka, na atakayekosa zamu leo aje kesho wakati huu huu.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.