Uliza Kwanza Maikrofoni Inataka Umeme Gani

Hamjambo nyote. Nianze na Dunga, hapa hapa Kisumu, nilikokwenda kumrekodi mzee akipiga nyatiti, kile kinubi cha Waluo. Nilikuwa na maikrofoni ya kondensa yenye pini tatu, na kinasa sauti kidogo chenye tundu la jeki tu, kama lile la hedifoni. Nikanunua waya wa kuviunganisha, ukaingia sawasawa. Mzee akapiga karibu saa nzima. Sikuvaa hedifoni. Nilipofika nyumbani nikasikiliza: mvumo mtupu, hakuna hata uzi mmoja wa nyatiti. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Waya ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni umeme. Maikrofoni ile ya kondensa ilitaka volti 48, umeme tunaouita fantomu, unaopita kwenye waya ule ule wa sauti, na tundu la jeki hutoa volti chache tu. Kinasa sauti cha Zoom H1n, kwa mfano, hutoa 2.5. Hiyo 48 ina kisa chake: mwaka 1966 kampuni ya Neumann ilikuwa ikitengenezea redio ya taifa ya Norway maikrofoni, na studio zao tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 wa taa za dharura. Wakautumia huo huo, dunia nzima ikafuata.

Kwa hiyo tundu kukubali jeki si ushahidi wa chochote. Kama kinasa sauti chako ni cha jeki, tafuta maikrofoni ndogo inayotosheka na volti hizo chache, kisha ingia kwenye menyu uuwashe umeme huo, maana mara nyingi huwa umezimwa. Au chukua inayobeba betri yake, kama Rode NTG2, inayotumia betri moja ya AA. Maikrofoni ya Shure SM58 haihitaji umeme wowote, na kwa ngoma za isukuti kule Kakamega ningeichukua bila kusita. Kwa nyatiti, hapana: maikrofoni hiyo hutoa sauti hafifu, ukiipandisha unapandisha na mvumo.

Tazameni jeki hii niliyoishika. Hesabuni mikanda myeusi: mitatu. Hii ni ya simu. Ya kinasa sauti huwa na miwili. Zinafanana mno, na ndiyo maana wengi hununua ya simu sokoni wakapata ukimya.

Wenye kinasa sauti cha pini tatu, washeni fantomu, lakini bebeni betri za akiba, huzimaliza upesi.

Jumamosi narudi Dunga kwa mzee. Safari hii hedifoni ziko shingoni.